Unajisi wa Mbwa na Haki Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitambaacho na kirukacho, na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, mwezi uliopita, baada ya darsa ya alasiri, alinijia mzee mmoja mwenye shamba upande wa bara wa Msambweni. Alingoja mpaka vijana wakaondoka, kisha akaniambia, "Sheikh, nimeambiwa mimi ni mtu wa motoni kwa sababu ya mbwa." Nikamwambia, "Keti, mzee wangu, unieleze."

Akanieleza kuwa nguruwe mwitu na nyani wamemla muhogo na mahindi misimu miwili mfululizo, naye hana tena nguvu za kukesha dunguni. Mwanawe, ambaye hufanya kazi Diani, alisikia habari za watu wanaojitolea kuokota mbwa na paka waliotupwa, wakawatibu, wakawachanja, kisha wakawatoa kwa mtu atakayeahidi kuwatunza. Akaenda, akapewa mbwa mmoja wa kienyeji, jike, mwekundu, akampeleka kwa babake. Tangu siku ile nguruwe hawakukaribia muhogo. Lakini majirani walisema nyumba ile haiingii malaika tena; mmoja akatishia kumtilia mbwa sumu; na nduguye mzee, baba mmoja mama mmoja, aliapa hatakula tena nyumbani mwake. Mzee akauliza: je, amrudishe mbwa? Na akimrudisha, shamba litakuwaje? Na asipomrudisha, akauawa kwa sumu, ni nani atakayebeba dhambi yake?

Sikumjibu siku ile. Si kwamba mas'ala ni magumu, bali niliona aibu, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Nilimwomba anipe siku chache nirejee vitabu. Na kwa kuwa watu wengi wa pwani hii yetu, toka Likoni hata Vanga, wana mas'ala kama yake na hawaulizi, nimeona niyaandike majibu hapa.

Kwanza tutazame yale yasiyo na shaka. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume, s.a.w., alimwonya mwenye kufuga mbwa bila ya haja, kuwa thawabu za amali zake hupungua kila siku kiasi cha kirati. Na katika riwaya nyingine ni kirati mbili. Onyo hili ni zito, wala hatuna ruhusa ya kulipunguza ili kuwafurahisha watu. Walakini katika hadithi zizo hizo wametolewa mbwa wa kuwindia, mbwa wa kulinda mifugo, na mbwa wa shamba. Abdullahi bin Umar alipoambiwa kuwa Abu Huraira hulitaja shamba katika riwaya yake, alisema kuwa Abu Huraira alikuwa na shamba. Maulamaa wameeleza kwamba hakumtuhumu kwa neno hili; mtu mwenye shamba hulihifadhi zaidi jambo linalolihusu shamba lake. Basi mzee wetu yumo ndani ya ruhusa kwa matamko ya Mtume mwenyewe, wala hahitaji fatwa ya mtu wa zama zetu.

Na Qur'ani imewataja mbwa kwa namna ambayo wengi wetu twaisoma bila ya kuizingatia. Katika Suratul Maida tumehalalishiwa kula mawindo waliyotukamatia wanyama tuliowafunza, na jina la mafunzo hayo katika aya limetoka katika neno lenyewe la mbwa. Katika Suratul Kahf, vijana waliokimbia na dini yao walikuwa na mbwa wao, amenyoosha mikono yake kizingitini. Na kila walipohesabiwa, yeye alihesabiwa pamoja nao. Ijumaa kwa Ijumaa twaisoma sura hii, kisha tukitoka msikitini twamtafuta mbwa wa kumpiga jiwe!

Ama neno la malaika, hadithi yake ni sahihi: malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Imam Khattabi alisema kuwa makusudio ni mbwa asiyeruhusiwa kufugwa, na kwamba mbwa wa shamba na wa mifugo hawamo. Imam Nawawi yeye aliona kuwa lenye nguvu zaidi ni kuiacha hadithi juu ya ujumla wake. Mimi nasema kwa aliye na mbwa wa shamba: mwache shambani. Mjengee kibanda chini ya mkorosho, wala usimwingize chumbani. Hapo umetoka katika hitilafu ya maimamu wote wawili, na mbwa mwenyewe hakupungukiwa na kitu, kwani kazi yake iko nje.

Sasa tuje kwenye unajisi, maana hapa ndipo watu walipokorogeka. Sisi ni Mashafii, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito. Akiramba chombo, au unyevu wake ukigusa nguo au mwili, huoshwa mara saba, na moja katika hizo huwa kwa udongo. Imam Malik alisema kuwa mbwa ni tohara, na kwamba kuosha chombo ni ibada iliyoamrishwa tu. Wenzetu wa Abu Hanifa wakasema mate yake ni najisi, na nywele zake si najisi. Nimeyataja haya ili ijulikane kwamba ni mas'ala ya fiqihi waliyohitalifiana watu wa elimu, wala hayakupata kuwa nguzo ya imani. Lakini hata kwa madhehebu yetu, kikavu kikigusa kikavu hakinajisi. Mbwa mkavu akikupitia na kanzu yako kavu, nenda kasali. Nimewaona watu wazima wakiruka mitaro na kuacha jamaa kwa sababu mbwa amepita umbali wa hatua tatu.

Na lililo kubwa zaidi ni hili: najisi ni hukumu inayohusu chombo changu, nguo yangu na sala yangu. Inanieleza mimi nioshe nini na mara ngapi. Haisemi hata neno moja kwamba mbwa ana kosa, wala kwamba imehalalishwa kumtesa. Damu inayokwenda mishipani mwetu nayo ikitoka ni najisi, na hakuna aliyejichukia kwa sababu hiyo.

Hapa sina budi nieleze ile aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, nikisomesha watoto katika chuo, tulifika mlango wa najisi. Niliwasomesha vizuri, kama nilivyosomeshwa: nzito, ya kati na nyepesi, mara saba, moja kwa udongo. Wakahifadhi. Siku chache baadaye, magharibi inakaribia, nilipita nyuma ya nyumba zetu nikawakuta watoto wanne, wote wanafunzi wangu, wamemfunga mtoto wa mbwa kamba ya shingo, wamemning'iniza juu ya tawi la mwembe, na wanamlenga kwa mawe. Nikapiga ukelele. Nilipomfungua alikuwa amekwisha kufa. Nikawauliza, "Nani aliyewafundisha haya?" Wakatazamana, kisha mdogo wao akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, si wewe ulitwambia ni najisi?"

Wallahi sikuwa na la kumjibu. Hakusema uongo. Nilimfundisha nusu ya mlango na nusu nikaificha, si kwa kukusudia, bali kwa kuwa nami nilifundishwa hivyo. Hakuna hata siku moja niliyowasomea habari ya Ibn Umar alipowapita vijana waliomfunga kuku wakimfanya shabaha ya mishale yao. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaambia kwamba Mtume, s.a.w., amemlaani mwenye kukifanya kilicho na roho kuwa shabaha. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na vijana wale walifanana na wanafunzi wangu kama ndugu wa tumbo moja.

Wala sikuwasomea kisa cha yule mtu aliyekuwa njiani akashikwa na kiu kali, akateremka kisimani akanywa, na alipopanda akamkuta mbwa ametoa ulimi, analamba udongo uliolowa. Akajua kuwa kiu iliyompata yule ndiyo iliyompata yeye. Akarudi kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha. Na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Katika riwaya nyingine ni mwanamke kahaba wa Bani Israil, naye akasamehewa kwa tendo lilo hilo. Masahaba walipouliza kama tuna ujira hata kwa wanyama, Mtume aliwajibu kwamba uko ujira kwa kila chenye uhai. Tazameni ni mnyama gani aliyetumiwa katika mafundisho haya. Angeweza kuwa ngamia au kondoo, tusingepata taabu ya kukubali, alikuwa mbwa. Na kinyume chake ni yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie.

Wanafiqihi wetu walilichukua jambo hili wakalitia katika hukumu. Wanaosoma Minhaj ya Imam Nawawi na sherehe zake wanajua kwamba mtu aliye na maji kidogo, na yuko mbele yake mnyama mwenye hishima ya sharia anayekufa kwa kiu, humpa mnyama maji, naye akatayamamu. Walipoulizana kuhusu mbwa wakasema: mbwa mkali anayeshambulia watu hana hishima hiyo, mbwa wa manufaa anayo bila ya hitilafu, na yule asiye na faida wala madhara, neno linalotegemewa ni kwamba naye anayo, wala haifai kumuua. Yaani mbwa koko anayezurura sokoni Ukunda, asiye na mwenyewe, ana haki katika maji yako ya udhu. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, ameandika kwamba mwenye mnyama ni wajibu amlishe hata akizeeka au akiugua ugonjwa usiomwachia faida tena.

Basi huyu anayetaka kumtilia sumu mbwa wa mzee, na ajue analolikusudia. Sumu ya nyamani humwua mnyama kwa taabu kubwa, nayo haichagui: huliwa na paka wa jirani na kuku wa yatima, na mkono wa mtoto hufika panapofika pua ya mbwa. Na hata sheria ya nchi ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haimruhusu.

Iko hofu moja ya haki ambayo siidharau, nayo ni kichaa cha mbwa. Maradhi haya huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kiasi cha 40 katika kila mia ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikisha kudhihiri, hakuna dawa. Kwa hivyo aliyeumwa au hata kuparuzwa na mbwa asiyejulikana na aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha akimbie hospitali apigwe sindano za chanjo, na azimalize zote. Asitie mafuta ya taa, wala majivu, wala asingoje kombe. Dua ni haki, na sindano ni haki, na Mtume ametwamrisha kujitibu.

Lakini dawa ya kuyakata maradhi haya haikuwa kuua mbwa. Wakiuawa wa mtaa mmoja, huingia wengine kutoka mtaa wa pili, nao hawajulikani wala hawakuchanjwa. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila mia, maradhi hukosa njia. Na tusiseme haya ni maneno ya vitabuni tu. Ng'ambo ya bahari yetu, kisiwani Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu na Mashafii kama sisi, walichanja mbwa kisiwa kizima na kichaa kikakatika mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje. Wakachanja upya, na mwaka 2018 kikakatika mara ya pili. Serikali ya Kenya nayo ilipanga mwaka 2014 kwamba ugonjwa huu umalizwe ifikapo 2030. Siku wanapopita wachanjaji vijijini, usimfiche mbwa wako kwa kuona haya ya majirani, kwani haya hiyo yaweza kumgharimu mtoto wa mtu.

Nirudi kwa hawa watu wanaookota wanyama. Nchini Kenya kazi hii si mpya: chama cha KSPCA kilianza mwaka 1910. Lamu iko hospitali ya punda tangu mwaka 1987, na watu wa Lamu, wenye misikiti kila kichochoro, hawakuona taabu kuwapeleka punda wao. Diani penyewe tumezoea kuona ngazi za kamba zilizofungwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila ya kugongwa na magari, na wapitao huzitazama wakafurahi. Akifika zamu ya mbwa, tunauliza: kwani hakuna mayatima? Mayatima wapo, na haki yao ni kubwa zaidi. Lakini nimetazama nikaona kwamba anayeuliza hivyo mara nyingi hakumpa yatima wala hakumpa mbwa. Wengine husema, hii ni kazi ya Wazungu. Kazi njema ikishikwa na asiyekuwa Muislamu haigeuki kuwa mbaya. Tuone haya sisi ambao kisa cha kiatu cha maji kimo katika vitabu vyetu.

Na hapa liko jambo la fiqihi ambalo sikupata kumsikia mtu akilitaja. Mtume, s.a.w., amekataza thamani ya mbwa, na kwa madhehebu yetu kumuuza mbwa hakusihi, hata awe wa kuwindia. Lakini kumwachia mwenzio mbwa unaofaa kumfuga, bila ya bei, kunafaa. Basi Muislamu mwenye haja ya mbwa wa shamba, njia iliyo safi kwake ni hii hii ya kumchukua aliyetupwa. Akiombwa alipie chanjo na dawa, hiyo ni gharama ya dawa, si bei ya mbwa. Ama vijana wetu siku hizi wanaotafuta mbwa wa kabila maalumu, yule wa Kijerumani wa masikio yaliyosimama, au wa kifua kipana na taya kubwa, wakatoa maelfu ya shilingi ili wapigwe naye picha, hao wamekusanya mawili: bei iliyokatazwa na kufuga kwa fahari. Nao wengine huleta mbwa wa nchi za baridi, wenye manyoya mazito, wakawafunga katika joto la Diani wakihema mchana kutwa. Mwenye nyumba akihama au akichoka, mbwa huachwa barabarani, hajui kutafuta jaani wala kukimbia gari. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye nywele fupi, alizaliwa katika joto hili. Hula kidogo, na halali usiku. Waarabu wa jangwani walimlea saluki, mbwa mwembamba mwenye mbio, kwa sababu aliwapa nyama. Hawakumfuga kwa ajili ya jina lake.

Limebaki jambo la kuwahasi, kwani watu hawa hufanya hivyo ili wasizidi kuzaana na kutupwa. Imam Nawawi amenakili kwamba kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu. Mahanafi wameruhusu ikiwa ndani yake mna manufaa. Mimi, nikitazama watoto wa mbwa wanaokufa kwa njaa majaani kila msimu, nategemea neno la Mahanafi katika hili, na atakayebaki na Nawawi simlaumu.

Baada ya siku nne nilimwita mzee nikamweleza haya. Nikamwambia: mbwa wako ni wa shamba, na shamba limetajwa. Mpe chombo chake, kikae nje, kisichanganywe na vyombo vya nyumbani. Mlishe, mnyweshe, mchanje kila mwaka, usimfunge mnyororo mfupi juani. Akizeeka asiweze kubweka, bado ni juu yako.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ndugu yangu, Sheikh?"

Nikamwambia chungu chake ni tohara na wali wake ni halali, na kwamba Ijumaa baada ya sala nitakwenda mimi mwenyewe kula kwake, ili anayetaka kuona na aone. Nilikwenda na wanafunzi wawili. Tuliandaliwa muhogo wa nazi na samaki, muhogo wa shamba lile lile. Mbwa alikuwa amelala mbali chini ya mkorosho. Alipotuona alibweka mara mbili, mzee akamkemea, akanyamaza. Jirani wa sumu alikuja akaketi, akala. Yule ndugu tulimpelekea mtoto mara mbili kumwita, na hakuja. Mzee akamwekea fungu lake katika kombe, akalifunika kawa.